Kikombe Kilichomwagwa Nyuma ya Jiko

Nilimkuta nyuma ya jiko, ameinama, anamwaga.

Taratibu. Bila wasiwasi. Kama mtu anayemwagilia mboga.

Kilikuwa kinywaji changu, wajukuu zangu. Kile nilichokiamkia kabla ya adhana, nikakaanga karanga, nikazitoa maganda, nikazitwanga mpaka zikatoa mafuta... kinashuka kwenye udongo mwekundu, kuku wanakipigania.

Nikatazama vizuri. Pale chini udongo ulikuwa umeshafanya ukoko mweupe.

Kumbe haikuwa mara ya kwanza.

Déborah, mke wa mwanangu, akageuka akaniona. Nikangoja ashtuke. Nikangoja aseme mama nisamehe. Hakusema. Alikishika kikombe kitupu kifuani, mifupa ya shingo imemtoka, macho yameingia ndani, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mama, mutoto yangu iko na haki ya kubakia na mama yake."

"Unasema nini, Déborah?"

"Umesikia, mama."

Akapita ubavuni mwangu, akaingia chumbani, akatia komeo.

Nikabaki mimi na kuku.

Nyinyi mnaosoma hapa, mmelielewa neno lile? Mimi lilichelewa kunifikia. Nilikaa kwenye kigoda, sufuria mapajani, nikaligeuza na kuligeuza, mpaka likaingia.

Mkwe wangu alikuwa ananiambia kwamba ninamuua.

*

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msinipotee.

Mimi wananiita Koko Safi, yaani Bibi Safi. Nyumba yangu iko Mikelenge, hapa Kindu, kwenye njia ya kuendea mashambani. Mtoto niliyebaki naye ni mmoja tu, Sudi, na huyo Sudi maisha yake yako Kampene, ananunua dhahabu kwa wachimbaji na kuiuza. Mke wake alimwacha kwangu.

Déborah ni Mkristo wa Lokandu, kijiji cha wavuvi huko chini ya mto. Sisi ni Waislamu. Alipoolewa, watu wa upande wangu walinung'unika, na wa upande wake nasikia hawakulala usingizi. Mimi sikujali, maana nilimpenda siku ya kwanza tu alipokaa jikoni kwangu. Mnaonijua mnajua, sikai na mtu bila kumtega kitendawili. Nikamtega:

"Nyumba haina mlango. Ndani wamelala wawili, wamejifunika shuka nyekundu."

Hakufikiri hata kidogo.

"Kalanga, mama."

Nikasema moyoni, huyu ni wangu.

Basi akajifungua mtoto wa kiume, tukamwita Abdallah. Kwa desturi, mke aliyezaa mimba ya kwanza analelewa na mama yake mzazi. Anakaa, anakula, anaoshwa, anarudisha mwili. Lakini mama yake Déborah alishafariki. Kazi hiyo ikaniangukia mimi, nikaipokea kwa mikono miwili.

Malaria ikamkamata baada ya kuzaa. Ikaondoka, ikarudi. Mwili ukayeyuka. Kitenge kilichokuwa kinamtosha kikawa kinamzunguka na kubaki. Maziwa yakapungua, Abdallah akawa analia usiku na mchana, ananyonya kitu ambacho hakipo.

Nikampeleka kituo cha afya. Muganga Bruno akampima damu, akampima kilo, akakunja uso. Akatukataza vile vidonge vya kunenepesha wanavyouza sokoni, vinavyomvimbisha mtu mashavu mkafikiri amepona, kumbe mwili ndani unaharibika. Akasema dawa ya malaria aimalize, chakula chake ale kama kawaida, na kati ya chakula na chakula apewe kikombe kizito: karanga, ndizi mbivu, maziwa ya unga, parachichi likipatikana, kijiko cha mafuta. Aanze kidogo, anywe polepole, kisiwe badala ya chakula. Baada ya hapo arudi apimwe tena.

Mimi nikacheka peke yangu. Kinywaji kile nilikijua kabla Muganga Bruno hajaota meno. Nilijifunza wakati wa vita.

Nikaanza siku ile ile.

Karanga nazikaanga kwa moto mdogo mpaka ganda lilegee lenyewe. Ukiziacha ziwe nyeusi umeharibu, uchungu wake hauondoki hata utie sukari ya nchi nzima. Natwanga mpaka unga unashikana na kuanza kung'aa. Soya naikaanga nayo, naisaga, naipika uji mwepesi, maana soya mbichi inaharisha. Ndizi nachukua zile zilizoanza madoadoa, ambazo watoto wanazidharau. Maziwa. Kijiko cha mawese mapya. Asali kidogo. Nasaga pamoja, nachuja, nampa kikiwa na uvuguvugu.

Kizito kiasi kwamba kijiko ukikisimamisha, kinafikiria kwanza kabla ya kuanguka.

Siku ya kwanza furaha ilinizidi, nikajaza kikombe kikubwa. Tumbo lililozoea njaa likipewa mafuta mengi linashtuka. Likamharisha usiku kucha. Kesho yake nikapunguza, nusu kikombe, halafu robo tatu, kama alivyosema Muganga Bruno.

Siku moja Déborah akaniuliza, kikombe kiko mkononi mwake:

"Mama, na weye hauonje?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Hiki ni cha kwako peke yako. Mudomo yangu haigusi hapo."

Nilidhani nimempa upendo wote wa dunia.

Sasa nyinyi wa mbali niwaeleze, wa Kindu mnajua tayari. Huku kwetu mtu akikupa kinywaji, anaonja yeye kwanza, mbele ya macho yako. Iwe pombe ya kienyeji, iwe chai, iwe maji tu. Anaonja ndipo anakukabidhi. Ndivyo anavyokuonyesha kwamba mkono wake ni safi.

Na mimi vyote vingine nilivionja. Sombe, yale majani ya muhogo, tulikula kwenye sahani moja. Fufu, ugali wetu wa muhogo, tulimega pamoja, mkono wake na mkono wangu. Ni kikombe kile tu ambacho sikukionja.

Kwa nini? Lilikuwa jambo ambalo sikuwahi kulitoa mdomoni, hata kwa Sudi. Niliona likikaa ndani yangu linatosha.

*

Asubuhi baada ya kumkuta nyuma ya jiko, Déborah alifunga nguo zake, akamfunga Abdallah mgongoni, akashuka mtoni. Nikamfuata mpaka ufukweni, namwita. Alipanda mtumbwi wa mashine unaokwenda Lokandu, akakaa na mgongo kwangu. Nilichobaki kukiona ni kichwa cha mtoto kikichezacheza mgongoni mwa mama yake, mpaka mto ukawachukua wote wawili.

Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa na habari.

Jirani yangu Pélagie, ambaye chekecheke langu lilikuwa kama lake, hakuja kuazima. Binti yake mdogo alipita, nikampa ndizi kama siku zote. Akaipokea, akaificha nyuma ya mgongo, akamtazama mama yake kwanza.

Hakuila.

Nimepita vita, wajukuu zangu, lakini ile ndizi nyuma ya mgongo wa mtoto... acha tu.

Nikampigia Sudi simu. Akaja kutoka Kampene kwa pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi. Nikangoja anywe maji, aseme twende Lokandu. Akaoga, akala, akajinyoosha.

"Achana nao, mama," akasema. "Ameenda mwenyewe na miguu yake. Hakuna muntu alimufukuza."

Nikadhani ni uchungu wa mwanaume anayejikaza. Nikamwambia mimi nitakwenda. Akanizuia, akasema watanitukana, akasema nina umri, akasema mto umejaa. Sikumsikia. Mke wake alikuwa anakauka, na akikauka yeye mtoto naye anamfuata. Hilo tu ndilo lilikuwa kichwani mwangu.

Nikafunga karanga, soya, maziwa, mawese na ndizi. Kinywaji kilichopikwa sikubeba. Nilitaka nikipike mbele ya macho yao.

*

Lokandu nilipokelewa na Mzee Okito, mjomba wake Déborah, mvuvi mwenye mikono kama makasia. Hakunitukana. Alinipa kiti. Akaleta maji kwenye kikombe, akaonja yeye kwanza, ndipo akanikabidhi.

Nikaelewa. Nikanywa.

Nikaomba kinu na moto.

Nilitwanga katikati ya uwanja wao, watu wamenizunguka. Nilisikia mchi tu. Déborah alikuwa amekaa mlangoni, amepungua kuliko alivyotoka kwangu, Abdallah analia kwenye ziwa lisilo na kitu, kile kilio cha mtoto aliyeanza kuchoka kulia.

Nikachuja. Nikajaza kikombe. Nikampelekea.

Mzee Okito akanyoosha mkono katikati yetu.

"Mama Sudi. Kwetu, mwenye kutoa njo anaonja."

"Najua, baba."

"Basi onja."

Nikakileta kikombe mdomoni. Nilitaka, Mungu ni shahidi. Kikagusa mdomo... nao ukakataa kufunguka. Nikalazimisha. Kinywaji kikanitiririka kidevuni, kikaloanisha kitenge changu.

Nyuma yangu mtu akasema, "Mumeona?"

Mwanamke mmoja akamnyakua Abdallah mapajani mwa Déborah, akakimbia naye ndani, kana kwamba hata macho yangu yana sumu.

Déborah hakusogea. Alinitazama tu, machozi yanamshuka.

"Mama, kwa nini?"

Nikakaa chini pale pale, kwenye udongo. Nikasema:

"Nilikuwa na mutoto mwengine."

*

Mwaka ule wa elfu mbili na mbili, wakati wa vita, mji wetu ulifungwa. Waliotoka kwenda kutafuta majani ya muhogo mashambani, wengine hawakurudi. Wenye bunduki walikuwa upande huu, wenye bunduki walikuwa upande ule, sisi katikati na sufuria tupu. Treni haiji, mashua haziji, chumvi ikawa hadithi. Watoto wakaanza kuvimba miguu, nywele zikabadilika rangi. Bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula.

Baba wa watoto wangu alishachukuliwa kubeba mizigo ya wanajeshi. Huo ndio ulikuwa mwisho wa habari zake.

Nilibaki na Jamila, miaka minane, na Sudi, miaka mitatu.

Walikuja watu wa msaada, wakafungua mahali pa kulishia watoto ndani ya shule ambayo masomo yalikuwa yamekufa. Wakamvisha Sudi ule mkanda wa kupimia mkono, ukaishia kwenye nyekundu, rangi ya hatari. Wakampokea. Jamila hawakumpima. Walikuwa wanapokea wadogo tu, yeye alishavuka umri. Alinisindikiza kila siku, akakaa nje ya kamba waliyoizungushia pale.

Mama aliyesimamia pale alituambia sheria kila asubuhi. Kikombe hiki ni dawa. Ni cha mtoto mgonjwa peke yake. Mdomo wa mtu mwingine usiguse. Na alisema kweli, maana maziwa yalikuwa machache na watoto walikuwa wengi.

Jamila aliyasikia hayo, nje ya kamba.

Maziwa yakaisha. Yule mama akatufundisha kujitengenezea: karanga, ndizi mbivu, mawese, chochote utakachokipata. Nilitoa kitenge changu cha harusi, nikapata karanga konzi chache. Halafu homa ikanilaza. Kutwanga, akatwanga Jamila.

Nilikuwa kwenye mkeka, namwona. Mchi unamzidi urefu. Harufu ya karanga imejaa nyumba nzima, na yeye tumboni hana kitu tangu jana yake. Nikamwambia lamba mchi, mwanangu. Lamba tu, Sudi hatapungukiwa.

Akatikisa kichwa.

"Apana, mama. Njo dawa ya Sudi. Mudomo ya mwengine isiguse."

Akausuuza mchi kwa maji kidogo, na yale maji akayatia kwenye kikombe cha mdogo wake, ili kisipotee kitu.

Kila siku hivyo.

Sudi akaanza kusimama. Jamila akaanza kukaa chini.

Mvua moja ilinyesha usiku kucha, akalala ubavuni mwangu. Asubuhi tuliamka mimi na Sudi tu.

*

Niliwaeleza hayo yote pale pale chini. Nikawaambia, tangu siku ile mdomo wangu haukugusa kikombe cha mgonjwa. Mtoto wa miaka minane aliweza, na njaa yake. Mimi niliyeshiba, nionje vipi?

Mzee Okito aliushusha mkono wake. Akafuta uso.

"Acha, mama. Usionje."

Alinisamehe. Lakini nilimtazama Déborah, na mikono yake ilikuwa bado mapajani. Moyo wake ulikuwa umelia pamoja na wangu, ila mikono ilikuwa bado inaogopa. Na ndani ya nyumba Abdallah alikuwa bado analia.

Nikakichukua kikombe. Nikafumba macho. Nikanywa.

Wajukuu zangu... ilikuwa tamu.

Sijui niwaeleze vipi. Zaidi ya miaka ishirini nakijua kinywaji kile kwa macho, kwa pua, kwa uzito wa kijiko. Utamu wake sikuwahi kuujua. Ndizi inatangulia, karanga inakuja nyuma yake, mafuta yanafunika ulimi, na hata ukishameza bado kiko pale, kinakaa, hakitaki kuondoka.

Ndipo nikajua mwanangu alikataa nini.

Nililia kama ambavyo sikulia siku ya kumzika. Siku ile sikuwa na maji mwilini.

Déborah akaja kwa magoti, akakitoa kikombe mikononi mwangu, akanywa kilichobaki mpaka mwisho. Akaita mtoto wake arudishwe. Halafu akanishika mkono, akasema jambo ambalo laiti ningekuwa kiziwi nisilisikie.

"Mama, si miye nilianza."

"Nani?"

"Tumbo iliponiharisha nilimupigia Sudi simu. Akaniuliza kama unaonja. Nikamuambia apana. Akasema, fungua macho, Déborah, rudi kwenu mbele haujakufa."

Nikamwambia hapana. Sudi hawezi.

Mzee Okito akavuta kiti karibu. Akaniambia kwa upole, kama anayemtoa mtu mwiba, kwamba wafanyabiashara wao wanapeleka samaki wakavu Kampene. Sudi ana nyumba kule. Ana mwanamke, anaitwa Joëlle, na mwanamke ana mimba. Habari ziliwafikia, na wao wakafanya hesabu yao: Sudi anaingiza mke mpya, mama yake anammaliza wa zamani kwa kikombe.

"Tulizania mulipatana," akasema.

Nilikuwa nasikia sauti ya mwanangu. Ameenda mwenyewe na miguu yake. Hakuna muntu alimufukuza. Mke akifukuzwa, wakwe wanakuja na maneno, wanamkalisha mwanaume. Mke akikimbia mwenyewe, nani atamuuliza mwanaume kitu?

Na kilichomkimbiza ni mimi. Mkono wangu, kikombe changu. Mwanangu alikipata kitu nilichokificha kwa uchungu, akakitumia, na wala hakukijua ni nini.

*

Nilirudi Kindu. Sudi nilimkuta uani anaosha pikipiki, kitambaa mkononi.

"Walikataa?" akauliza. Nikaiona ile pumzi aliyoishikilia.

"Kaa chini nikutege."

Akacheka. Alikulia kwenye vitendawili vyangu. Akakaa kwenye tairi kuukuu.

"Alitwanga kila siku, hakuonja hata tone. Aliyekunywa yuko hai, na hamjui aliyemtwangia."

Akajaribu. Akasema mchi. Akasema kinu. Akasema punda wa kinu cha mafuta, nikamwambia punda umemwona wapi Kindu. Tukacheka wote wawili, na mimi nacheka huku nakufa.

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe muji."

Mnajua, kwetu ukishindwa unatoa mji, ndipo upewe jibu.

"Kamata Kampene," akasema.

"Kampene siitaki. Iko na mwenyewe. Anaitwa Joëlle."

Kitambaa kikasimama mkononi mwake.

"Nipe muji mwengine, Sudi."

Hakuwa na mji.

Basi nikampa jibu bure. Nikamtajia jina. Alijua alikuwa na dada, alijua vita ilimchukua, ndivyo nilivyomkuza. Mengine hakujua. Nikamwambia kamba, mkeka, mchi, maji ya kusuuzia. Nikamwambia kila tone lililomsimamisha kwa miguu yake lilipita mikononi mwa nani.

Alikaa pale mpaka sabuni ikakauka kwenye pikipiki.

Halafu akauliza, "Kaburi yake iko wapi, mama?"

Nikampeleka. Wakati ule mtu alizikwa pale mlipoweza kufika. Leo pamejengwa nyumba nzuri, uwanja wa saruji, nguo zimeanikwa. Mama mwenye nyumba akatoka, akatusalimia vizuri, akauliza tunamtafuta nani.

Sudi akavua kofia.

"Hakuna, mama," akamjibu. "Tulikuwa tunapita tu."

*

Hiyo ndiyo simulizi yangu, na sitaki kuwadanganya kwamba yote yalikaa sawa.

Sudi alikwenda Lokandu kuomba msamaha. Walimsikiliza, wakamwambia wamesikia, na Déborah hakurudi naye. Yuko kwao. Kila mtumbwi unaoshuka nampelekea karanga, soya na maziwa, anatwanga mwenyewe. Juma lililopita alinitumia picha: mashavu yamerudi, kitenge kinamkaa, na Abdallah mapajani ni mzito kama mfuko wa mchele. Bado ananiita mama. Kurudi hajasema, na mimi simuulizi.

Nyinyi mlio na watoto, waambieni walilishwa na nani. Msingoje wakue. Na ukiwa na sheria yako moyoni, hata iwe ya upendo mtupu, mwambie unayeishi naye sababu yake. Asipoijua atatafuta yake, na akikosa yake, atapewa na mtu mwingine.

Na mwenye mgonjwa aliyekonda nyumbani, ampeleke kwanza akapimwe, halafu kikombe, kidogo kidogo. Vidonge vya sokoni aviache huko huko.

Nilitaka niishie hapo. Lakini jana simu ililia. Ni Sudi, kutoka Kampene. Joëlle amejifungua mtoto wa kike. Hakuniuliza, ameshampa jina. Amemwita Jamila.

Na Joëlle amekonda, maziwa hayatoki. Ananiomba niende.

Leo nimewasha moto mapema. Karanga za Lokandu nimeshazifunga. Za Kampene nimezitia kwenye kikaango.

Mtoto hana kosa, najua. Hata mama yake, sijui kama aliambiwa yote.

Ila mkono wangu, wajukuu zangu... umeshika mwiko, na bado unakataa kuzigeuza.